Kahawa ya Gesha na Sifa Zake

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya kweli katika mambo mengi, lakini iko hali moja isiyoieleza. Kizuri kikiisha kujiuza, na sifa zake zikaenea mpaka bei yake ikapita kiasi, tutajuaje kama kinachonunuliwa sasa ni uzuri wenyewe au ni habari za uzuri tu? Hilo ndilo swali ninalotaka tulichunguze pamoja, msomaji, na chombo chetu cha uchunguzi kitakuwa kikombe cha kahawa.

Nimechagua kahawa iitwayo Gesha, ambayo wengine huandika Geisha. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni vigumu kutaja kahawa nyingine iliyosifiwa sana kama hiyo katika karne hii, na ni wachache mno waliopata kuionja. Pili, mbegu yake ilipita katika nchi yetu zamani kabla ya mtu yeyote kuisifia utamu. Huenda mbegu hiyo ikatufundisha jambo juu yetu sisi wenyewe.

Kabla hatujaanza, yafaa tukubaliane juu ya kazi ya mhakiki. Mhakiki si msifu, wala si mtukanaji. Akipewa shairi, au wimbo, au kinywaji, yampasa aulize maswali matatu: Kitu hiki kinasemwa kuwa nini? Chenyewe ni nini? Je, hayo mawili yanapatana? Asiyeuliza swali la pili, akatosheka na la kwanza, huyo hana alilolihakiki. Amerudia tu maneno ya wengine kwa sauti kubwa zaidi.

Basi tuanze na asili yake. Gesha ni jina la mahali, pande za misitu ya kusini-magharibi ya Ethiopia, nchi ambayo ndiyo chimbuko la kahawa ya arabika. Jina hili halihusiani hata kidogo na wale wanawake wa Kijapani waitwao geisha, ambao kazi yao ni kuwaburudisha wageni kwa ngoma na nyimbo. Ni kufanana kwa herufi tu. Katika miaka ya 1930 mbegu zilichumwa huko Ethiopia zikaletwa katika kituo cha utafiti cha Kitale, hapa Kenya. Baadaye zilivuka mpaka zikafika Lyamungu, karibu na Moshi, katika nchi iliyoitwa wakati ule Tanganyika. Mwaka wa 1953 zikapelekwa ng'ambo ya bahari hadi kituo cha kilimo cha Turrialba, nchini Costa Rica. Na katika miaka ya 1960 miche yake ikagawiwa wakulima wa Panama.

Angalia, msomaji, kwamba katika safari hii ndefu mbegu hii haikubebwa kwa ajili ya utamu wake. Wataalamu waliithamini kwa sababu ilionekana kustahimili kutu ya majani, ule ugonjwa unaoyapaka majani ya mibuni vumbi la rangi ya machungwa, kisha ukayapukutisha. Wakulima nao hawakuipenda sana, kwa kuwa matawi yake yalikuwa mepesi kuvunjika na mazao yake yalikuwa haba. Ikakaa mashambani kama mgeni asiyeulizwa habari zake. Ilipochumwa, ilichanganywa na kahawa nyingine katika gunia moja. Na kitu kilichochanganywa hakiwezi kujieleza.

Mambo yalibadilika katika nchi ya Panama, pande za Boquete, karibu na mlima wa volkano uitwao Barú. Huko jamaa ya Peterson walikuwa na shamba liitwalo Hacienda La Esmeralda. Walitaka kujua ni sehemu gani ya mashamba yao inayotoa kahawa iliyo bora, wakafanya jambo dogo lililozaa jambo kubwa: walitenga mavuno ya kila sehemu, wakayaonja mbalimbali. Sehemu moja, iliyo juu mlimani, ilitoa kikombe kisichofanana na vingine. Mibuni ya mahali pale ilikuwa Gesha. Mwaka wa 2004 waliingiza kahawa hiyo katika mashindano ya kahawa bora za Panama. Ikashinda, na mnadani ikanunuliwa kwa dola 21 za Kimarekani kwa ratili moja, bei iliyowaacha wafanyabiashara wa siku zile midomo wazi.

Baada ya hapo bei ilipanda sana. Mwaka wa 2019 Gesha ya shamba jingine la Panama, liitwalo Elida, ilifika dola 1,029 kwa ratili. Mwaka wa 2025 Gesha ya Hacienda La Esmeralda ilinunuliwa mnadani kwa dola 30,204 kwa kilo, na mzigo wote ulikuwa kilo 20 tu. Chukua kalamu upige hesabu. Kilo moja ya buni mbichi, ikikaangwa, hupungua uzito ikabaki kama gramu 850. Kikombe kimoja chahitaji kama gramu 15. Kwa hiyo kilo ile itatoa vikombe 56 hivi, na kila kikombe kitakuwa kimegharimu zaidi ya dola 500 kabla ya kuhesabu moto, maji na kazi ya mpishi.

Hizo ndizo sifa. Sasa tuje kwenye kikombe.

Wenye kazi ya kuonja kahawa wana utaratibu wao. Husaga buni zilizokaangwa kidogo, huutia unga katika bakuli, humimina maji ya moto, hungoja kama dakika nne, kisha huvunja kwa kijiko ule utando uliokaa juu huku wakinusa. Baadaye huchota kijiko kimoja kimoja na kufyonza kwa kelele, ili kahawa itawanyike kinywani pamoja na hewa. Jambo ambalo mezani kwa mama yako lingekuletea karipio, katika chumba cha waonjaji ndiyo sheria. Hutoa alama kwa harufu, utamu, uchachu, uzito kinywani na ladha inayobaki baada ya kumeza. Wameizoea mizani ya alama 100, na kahawa ipatayo 80 na zaidi huhesabiwa kuwa kahawa teule.

Sisi tulifuata njia iliyo nyepesi zaidi. Nilikuwa nimeletewa na jamaa yangu msafiri mfuko wa gramu 100 za Gesha ya Boquete. Haikuwa ile ya dola elfu thelathini. Ilikuwa Gesha ya daraja ya kawaida, lakini bei yake hata hivyo ingetosha kununua kilo kadhaa za kahawa ya dukani. Niliweka kando yake kahawa mbili: moja ya Nyeri, iliyooshwa na kukaangwa vizuri, na nyingine ya unga wa kopo kutoka dukani. Tuliokuwa tukionja tulikuwa walimu wanne. Mtu wa tano alipika, akamimina katika vikombe vya namna moja, akaandika namba chini ya visahani, akanyamaza. Hatukuambiwa kipi ni kipi mpaka kila mmoja alipokwisha kuandika maoni yake bila kusemezana na mwenziwe.

Kikombe kimoja kilijitenga na vingine hata kabla hatujakigusa. Kilinukia asumini, ile asumini ya Pwani ambayo akina mama huitia katika vikuba. Nyuma ya asumini ilifuata harufu ya ganda la chungwa. Kinywani kahawa hiyo ilikuwa nyepesi kama chai ya rangi, tamu bila sukari, na uchungu wake ulikuwa mdogo sana. Ilipopoa haikuharibika, bali utamu wake ulizidi kudhihirika. Na hiyo ni dalili ya kahawa njema, kwa maana joto husitiri aibu nyingi za kikombe. Wote wanne tuliandika kwamba kikombe hicho hakikufanana na kahawa tuliyoizoea. Ndicho kilichokuwa Gesha.

Basi sifa ya kwanza ni ya haki. Anayesema kwamba Gesha ina harufu ya maua hasemi ndoto. Harufu imo, na hata mtu asiyeambiwa kitu ataisikia.

Lakini mhakiki hasimami hapo. Wepesi ule ule uliotupendeza una hasara yake. Mtu aliyelelewa na kahawa chungu ya Mombasa, ile imiminwayo kutoka katika dele la shaba ndani ya kikombe kidogo, yenye tangawizi au iliki, ikifuatana na kipande cha kashata, akipewa Gesha atauliza kahawa yenyewe iko wapi. Ladha yake hupita upesi, haikai ulimini. Tena haivumilii mwenzake: tulipotia maziwa kidogo katika kikombe cha pili, asumini ikatoweka, likabaki jambo dogo lisilo na jina. Ni kinywaji cha kunywewa pekee, polepole, na mtu aliyenyamaza.

Kikombe cha Nyeri kilikuwa na tabia nyingine kabisa. Kilikuwa na uchachu mkali wenye kupendeza, kama ndimu iliyokamuliwa juu ya zambarau mbivu. Kilijaza kinywa, na baada ya kumeza kikabaki kikizungumza. Cha tatu, cha kopo, kilikuwa uchungu na moshi tu, kwa sababu buni zake ziliunguzwa mno. Tulipoulizana ni kikombe gani kila mtu angependa kunywa kila asubuhi, wawili walitaja Gesha na wawili wakataja Nyeri. Hakuna aliyetaja cha tatu. Walimu wanne si ulimwengu mzima, wala sidai kwamba maoni yetu ni sheria. Lakini yanatosha kuonyesha kwamba kati ya vikombe viwili vya kwanza tofauti ilikuwa ya tabia na mapenzi ya mnywaji. Haikuwa tofauti ya bwana na mtumwa.

Hapo ndipo bei inapotaka kuhojiwa. Mwaka wa 2004 Gesha ya Hacienda La Esmeralda iliuzwa dola 21 kwa ratili, ndiyo kama dola 46 kwa kilo. Mwaka wa 2025 wenyeji wale wale waliuza Gesha kwa dola 30,204 kwa kilo. Bei iliongezeka zaidi ya mara 600 katika muda wa miaka 21. Je, kahawa imekuwa tamu mara 600? Wakulima wale wamejifunza mengi, na huenda kahawa yao ya leo ni bora kuliko ya zamani. Lakini hakuna ulimi wa binadamu uwezao kupima utamu mara 600. Ni dhahiri kwamba sehemu kubwa ya fedha ile hailipii kile kilichomo kikombeni. Hulipia uchache wa kilo 20, hulipia jina la mshindi, na hulipia fahari ya mnunuzi anayetaka ijulikane kwamba yeye ndiye aliyemshinda mwenziwe mnadani. Ukiona fahari inauzwa kwa kilo, usiilaumu kahawa.

Tena iko hatari nyingine, ambayo ni ya hila zaidi. Bei yenyewe hugeuka ikawa kiungo. Mwaka wa 2008 watafiti wa California, nchini Marekani, walichapisha habari za jaribio walilolifanya kwa mvinyo. Watu walionjeshwa mvinyo huku wakitajiwa bei, wasijue kwamba baadhi ya mvinyo walirudishiwa ule ule. Mvinyo mmoja mara ulisemwa kuwa wa dola 10, mara wa dola 90. Wale watu walisema ule wa dola 90 ni bora. Lililo la ajabu ni kwamba hawakuwa wakijifanya: picha za ubongo zilizopigwa wakati ule zilionyesha kwamba sehemu inayohusika na kuonja raha ilifanya kazi zaidi walipotajiwa bei kubwa. Yaani sikio lilikuwa limekwisha kuonja kabla ya ulimi. Ndiyo maana namba zetu ziliandikwa chini ya visahani, na ndiyo maana ninasema kwamba sifa ya kitu isiyopimwa kwa kikombe kilichofichwa jina ni nusu ya ushahidi.

Wahenga walisema pia: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Jina la Gesha likiisha kuwa mali, kila mtu hulitaka. Mbegu hiyo sasa imepandwa katika nchi nyingi, lakini uzuri wake hautoki katika mbegu pekee. Hutoka katika mbegu pamoja na baridi ya mlima, tunda kuiva polepole, mkono wa mchumaji asiyechanganya mabichi na mabivu, na uangalifu wa anayeosha na kukausha. Kumbuka kwamba huko Panama kwenyewe haikufahamika mpaka ilipotengwa ile iliyomea juu mlimani. Jina laweza kuandikwa juu ya mfuko wowote, lakini utamu hauandikwi.

Wala tusidhani kwamba ni wageni tu wanaonunua majina. Sisi nasi tuna herufi zetu mbili tunazojivunia: AA. Wengi hudhani kwamba AA maana yake ni kahawa tamu kuliko zote za Kenya. Sivyo. AA ni kipimo cha ukubwa wa punje: ni buni kubwa, zisizopenya katika chekeche yenye tundu za upana wa milimita 7 hivi. Buni kubwa huweza kuwa tamu, na mara nyingi huwa. Lakini chekeche haina ulimi. Anayesifu kahawa kwa sababu tu ni AA afanana na mwalimu anayesahihisha insha kwa kupima urefu wake kwa rula.

Nimekwisha kusema kwamba mbegu ya Gesha ilikaa Kitale katika miaka ya 1930. Katika miaka hiyo hiyo, kule Kabete, wataalamu wa maabara ya Scott walikuwa wakichagua mbegu nyingine, iliyotokana na mibuni ya Tanganyika iliyojulikana kwa kustahimili ukame. Waliipa jina la herufi na namba, SL28, na leo ni miongoni mwa mbegu zinazoipa kahawa ya Kenya sifa ya uchachu ule wa kupendeza. Mbegu hizi mbili zilitafutiwa nguvu ya kustahimili, moja ugonjwa, nyingine jua. Moja ilibaki nasi tukaizoea. Nyingine ilipita ikaenda zake, na ladha yake ikagunduliwa mbali, na watu waliokubali kutenga magunia yao na kuonja.

Sasa nitoe hukumu, kwa maana uhakiki usiokuwa na hukumu ni soga. La kwanza, Gesha yastahili kusifiwa. Ni kahawa ya peke yake, na harufu yake haisahauliki. La pili, haistahili bei yake ya mnadani, wala hakuna kinywaji kingestahili, kwa kuwa bei ile si kipimo cha ladha. La tatu, si kweli kwamba inazishinda kahawa zote; iko mbali na nyingine, lakini kuwa mbali si lazima kuwa juu. Ukipata nafasi ya kuionja bila gharama, ionje. Usipoipata, usijione maskini.

Lakini kuna umaskini mwingine unaonihuzunisha zaidi, na huo uko karibu nawe. Katika nyumba nyingi za wakulima wa Nyeri, Kirinyaga na Murang'a, asubuhi hunywewa chai ya maziwa. Matunda mekundu huchumwa, hupelekwa kiwandani kwa chama cha ushirika, huoshwa, hukaushwa, hukobolewa, na sehemu iliyo kubwa huuzwa nchi za ng'ambo. Wanunuzi wa mnada wa Nairobi huonja sampuli kabla ya kutaja bei. Mnunuzi ameionja, dalali ameionja. Mwenye shamba hajaionja. Akiambiwa kwamba kahawa yake mwaka huu haikuwa nzuri, atajibu nini? Hana neno, kwa sababu ushahidi wote uko kinywani mwa mwingine.

Jamaa ya Peterson hawakuwa na uchawi wowote. Walikuwa na mashamba, kijiko na subira. Nawe, ikiwa kwenu kuna mibuni, unaweza kuanza na konzi moja ya buni. Zikaange katika kikaango kikavu juu ya moto mdogo, uzigeuze bila kukoma mpaka zipate rangi ya hudhurungi, uziache zipoe, uzitwange, uzimiminie maji ya moto. Kisha wape baba na mama waonje kabla hawajaambiwa zimetoka wapi, na uwasikilize kwa makini watakalosema.